Chombo Kikienda Mrama Nangani: Namna ya Kupata Usingizi Pwani ya Mtwara na Lindi

Watu wa bara husema mambo yameenda mrama bila kujua kwamba neno hilo wameliazima baharini. Sisi tunaolala vyomboni tunalijua kwa mgongo. Saa nane za usiku upepo umekufa. Chombo kinalala ubavu wa kushoto, kinainuka, kinalala wa kulia. Sufuria zinagongana, henza, ile kamba ya kupandishia tanga, inapiga mlingoti, na wewe umekumbatia ukingo wa kitanda. Nanga imeshika vizuri na hakuna hatari yoyote. Usingizi tu ndio haupo.

Kazi yangu Mikindani ni kutunza boti za tanga za wenyewe wakiwa safarini, nyingi za faiba, za mita 9 hadi 12, na nina mashua yangu ya mbao ninayoitumia mwenyewe. Karibu kila msimu naona kosa lilelile: mtu anahangaika na vifaa kabla hajaangalia maji. Mrama ni habari ya pembe. Upepo unakushika omo, yaani mbele ya chombo, wimbi linakupiga ubavuni. Ukiirekebisha pembe, kazi kubwa imekwisha. Vifaa vinakuja baadaye, kwa kile kilichobaki. Ndiyo maana nimezipanga hatua hizi kwa utaratibu huo, na ninakuomba usiruke.

Kinachokusukuma ni nini

Chombo chenye nanga moja kinageukia upepo, au mkondo ukiwa na nguvu kuliko upepo. Hakigeukii wimbi. Wakati wa kusi, tuseme Aprili hadi Oktoba, mchana upepo ni mkali na omo inatazama kusini. Jua likizama unapungua, na kuelekea alfajiri umande, upepo mwanana wa nchi kavu, unashuka kutoka bara. Chombo kinageuka. Lile wimbi pana la nje, ambalo huenda lilizaliwa mbali sana kusini mwa Bahari ya Hindi, halina habari na umande wako. Linaendelea kuja kulekule lilikotoka, sasa likikukuta umeligeuzia ubavu.

Usidanganyike na rasi. Rasi inazuia upepo, wimbi hailizuii sawasawa. Mstari wa wimbi ukifika kwenye maji madogo, upande uliogusa kina kidogo unapunguza mwendo na upande ulio kwenye maji makubwa unaendelea, basi mstari mzima unapinda na kuingia ghubani kama mtu anayezunguka kona. Unaweza kukaa mahali ambapo hata kiberiti hakizimiki, na bado ukasukwasukwa usiku kucha.

Jambo la pili ni mwendo wa chombo chenyewe. Kila chombo kina muda wake wa kwenda na kurudi, kama bembea. Pima siku maji yametulia: watu wawili wasimame ukingoni, waruke pamoja mara tatu nne mpaka chombo kianze kuyumba, kisha watulie. Hesabu miyumbo kumi, kushoto na kurudi kushoto ukihesabu moja, halafu gawanya sekunde kwa kumi. Boti nyingi za mita 9 hadi 12 zinachukua kama sekunde 3 hadi 5. Iandike ukutani. Halafu ukiwa nangani hesabu mawimbi yanayopita kwenye mnyororo wako. Muda wa wimbi ukikaribia muda wa chombo, hata wimbi la kufika kifundo cha mguu litakulaza kupita kiasi, kwa sababu kila sukumo linakuja wakati uleule bembea inaporudi. Hapo ndipo watu wanashangaa: wimbi dogo hivi, mbona tunakwenda mrama hivi?

Hatua ya 1: Mahali

Kuhama kunashinda kila kifaa nitakachokitaja hapa chini, na hakugharimu kitu ila uvivu.

Kwa pwani yetu, Mikindani ndani kabisa ni kitanda, maji yake yamezungukwa na nchi karibu pande zote. Bandari ya Mtwara nayo, ukishapita mlango na kuiacha Msanga Mkuu upande wa bahari, wimbi la nje linabaki nje. Shida yake ni mkondo na vyombo vikubwa, kwa hiyo usikae njiani. Lindi ni habari nyingine. Ghuba ni pana na kinywa chake kiko wazi, na kaskazi ikivuma kati ya Novemba na Machi, wimbi linaingia bila hodi. Ukisogea ndani kuelekea Kitunda, mdomoni mwa mto Lukuledi, unapata nafuu ya wimbi lakini unakutana na maji yanayotoka mtoni, na hayo yatakugeuza yanavyotaka yenyewe. Kilwa Masoko, kwenye maji yaliyo kati ya bara na Kilwa Kisiwani, nimelala vizuri misimu yote miwili. Kilwa Kivinje ni maji madogo na wazi. Pazuri kwa mashua inayokubali kukaa mchangani, si kwa boti yenye mkuku (uti wa chini) mrefu.

Sasa niseme kuhusu mwamba, maana umewadanganya wengi, mimi nikiwemo. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yanajaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Maana yake ni kwamba saa 4 asubuhi yamekupwa. Unafika saa hiyo, mwamba uko nje mkavu, nyuma yake maji ni kioo. Unatia nanga, unapika, unajisifu.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, upande wa Msimbati, alipita mzee mmoja kwenye ngalawa akirudi kutega.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hapo ndipo mtakapolala?"

"Ndiyo, mzee. Maji yametulia."

Akatazama mwamba, akatazama mlingoti wetu. "Yametulia kwa kuwa ukuta uko juu. Alfajiri ukuta haupo. Ingieni ndani kidogo."

Hatukuingia. Saa tisa usiku maji yalikuwa yamefunika mwamba wote na wimbi lilikuwa linapita juu yake kama halijauona, umande umetugeuza ubavu, na birika la chai lilikuwa limeshahamia sakafuni. Tangu siku ile, kabla ya kutia nanga nyuma ya mwamba, najiuliza mahali hapa patakuwaje maji yakijaa kabisa na upepo ukitoka bara.

Namna ya kupachagua ukifika:

Zunguka polepole kabla ya kuangusha nanga. Simama kidogo kila mahali na uangalie mlingoti wako unavyoandika angani. Tofauti ya mita 100 inaweza kuwa tofauti ya usiku mzima.

Angalia ufukwe. Mahali mapovu ni mapana, wimbi linaingia. Mahali maji yanalamba tu mchanga, sogea huko. Angalia pia vyombo vya wenyeji vimelala wapi. Mashua zikiwa zimejazana kona moja na kona nyingine ni tupu, kuna sababu.

Tia bildi ujue kina, ukumbuke kujumlisha maji yatakayopanda. Kina mita 4 maji yakiwa yamekupwa, ongeza 3 za bamvua, ongeza 1 ya urefu wa omo juu ya maji, unapata 8. Kwa mnyororo zidisha kwa 5, ni mita 40. Kama amari yako, yaani kiungo cha nanga na chombo, ni kamba, zidisha kwa 7, mita 56. Watu hufupisha amari wakidhani itapunguza mrama. Haipunguzi. Inang'oa nanga tu.

Na nanga iangukie mchanga au tope, kamwe isiangukie matumbawe. Upande wa Msimbati na Ghuba ya Mnazi mpaka mdomo wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, kwa hiyo ulizia kwanza wapi panaruhusiwa.

Hatua ya 2: Geuza omo kwa kamba ya ubavuni

Pengine mahali ni hapohapo, huna pengine pa kwenda. Sasa tunageuza chombo ili wimbi likute omo badala ya ubavu. Njia ninayoipenda kuliko zote inahitaji kamba moja tu.

Chukua kamba ya nailoni, milimita 12 hadi 14 kwa boti ya mita 10, yenye urefu wa mara moja na nusu au mara mbili ya chombo. Nailoni, kwa sababu inavutika. Kamba ngumu itakupigia chombo mshtuko kila wimbi.

Amua upande. Hapa wengi wanachanganyikiwa, basi shika hivi: kamba inapita ubavu usiopigwa na wimbi. Umesimama umetazama omo, upepo uko mbele, wimbi linakuja kutoka kushoto. Kamba yako inapita kulia. Ukivuta, tezi, yaani nyuma ya chombo, inavutwa upande wa nanga kwa kulia, omo inaangukia kushoto, na hapo ndipo wimbi linapotoka.

Funga mwisho mmoja tezi, upande huo wa kulia, ikipitia kwenye winchi kama unayo. Ipitishe nje ya kila kitu, nje ya waya za mlingoti, nje ya vyuma vya ukingoni, mpaka omo. Nenda nayo mbele, ifunge kwenye mnyororo pale unapotoka nje ya chombo. Fundo lenyewe: zungusha kamba mara tatu au nne juu ya mnyororo, kila mzunguko ukikaa upande ambako mvuto utatoka, kisha rudi nyuma juu ya mizunguko yote na umalizie kwa kitanzi kimoja upande wa pili. Vuta kwa mkono. Lisipoteleza mkononi mwako, halitateleza majini, na asubuhi linafunguka bila kisu. Kama amari yako ni kamba, fundo hilohilo linashika pia.

Sasa achia mnyororo zaidi, mita 5, halafu 5 nyingine. Fundo linashuka majini, kamba ya tezi inaanza kukaza, na chombo kinaanza kugeuka taratibu, kama ng'ombe anayefikiria kwanza. Achia au vuta mpaka omo itazame wimbi. Simama hapo usifanye lolote kwa dakika kumi. Pembe ikipitiliza, legeza kamba ya tezi kidogo.

Utajua umefanikiwa ukiangalia kikombe. Weka kikombe cha maji, nusu tu, mezani. Kabla ya kugeuza, maji yanapanda ukingo huu na ule. Baada ya kugeuza, yanapanda na kushuka kidogo kuelekea mbele na nyuma, kisha yanatulia. Chombo sasa kinainua omo na tezi. Huo ni mwendo mpole, kwa sababu chombo ni kirefu kuliko kilivyo kipana.

Tahadhari ni moja lakini ni nzito. Umempa upepo ubavu, na ubavu una eneo kubwa kuliko omo, kwa hiyo nanga inavutwa zaidi. Kusi ikiwa kali kiasi cha kuchana mapovu ya mawimbi, acha njia hii. Na kamba inapogusa chuma ivalishe kipande cha mpira wa tyubu, maana usiku mmoja wa kusugua unatosha kuila.

Uzuri wake mwingine ni kwamba chombo kinabaki na nanga moja. Upepo ukigeuka, kinageuka pamoja na jirani zako.

Hatua ya 3: Nanga ya tezi, ukilazimika

Kamba ya ubavuni inahitaji upepo wa kuivuta. Usiku usio na pumzi ya upepo, inalegea na chombo kinakwenda kinapotaka. Hapo inakuja nanga ya pili, ndogo kuliko ile kubwa, inayowekwa nyuma.

Iweke kwa kihori, ule mtumbwi mdogo. Pakia nanga na amari yake yote ndani ya kihori, ufungie mwisho wa amari chomboni kwanza, halafu piga kasia kwenda upande wa pili wa wimbi ukiachia amari njiani. Ukiiburuta amari kutoka chomboni badala ya kuibeba kihorini, utachoka kabla hujafika. Angusha, rudi, kaza kwa winchi polepole mpaka uone imeshika. Usiikaze kama uzi wa zeze. Maji yatapanda mita 3, na amari iliyokazwa maji yakiwa yamekupwa itang'oa kitu alfajiri.

Usiiweke mahali penye vyombo vingine vinavyozunguka kwa nanga moja. Wao watazunguka, wewe hutazunguka, na mtakutana. Usiiweke pia penye mkondo wa nguvu. Nilifanya hivyo Lindi, mdomoni mwa mto Lukuledi. Maji yalipoanza kutoka yalinikuta nimefungwa omo na tezi, nimeyapa ubavu mzima, yakajaa upande mmoja mpaka amari ya nyuma ikawa ngumu kama chuma na fundo halifunguki. Niliikata. Tangu hapo mwisho wa amari ya tezi naufungia boya, ili nikilazimika kuuachia nirudi kuuokota.

Hatua ya 4: Sahani ya maji, au somo la ngalawa

Umehama, umegeuza, bado kuna mrama. Sasa ndiyo zamu ya kifaa.

Tazama ngalawa ilivyo. Gogo jembamba ambalo peke yake lingepinduka ukikohoa, lakini matengo yake mawili yametoka nje mbali na ubavu, na mbao mwishoni zinayakamata maji. Si uzito unaoizuia, ni umbali. Boti ya tanga tunaweza kuipa matengo ya muda kwa usiku mmoja: mti unaotoka nje, na chini yake sahani inayoning'inia ndani ya maji. Chombo kikitaka kuinuka upande huo, sahani inakataa kuvutwa juu. Kikishuka, sahani inazama pamoja nacho na kujiandaa kwa zamu nyingine.

Watu huuliza ukubwa wa sahani. Waulize kwanza urefu wa mti. Maji yanakataa kwa nguvu inayopanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Mti ukiwa mrefu mara mbili, sahani inakwenda kasi mara mbili kwa mrama uleule, hivyo nguvu mara nne, na wenzo nao umerefuka mara mbili. Jumla ni mara nane. Sahani ikiwa kubwa mara mbili, unapata mara mbili tu. Ndiyo maana kuifunga sahani ukingoni mwa chombo, bila mti, ni kujichosha.

Sahani yenyewe unaitengeneza nyumbani:

Kata plaiwudi ya kuhimili maji, unene milimita 18, sentimita 60 kwa 80. Viringisha kona, ipake rangi au resini kingo zote, vinginevyo itavimba ndani ya mwezi mmoja. Toboa kila kona, weka bolti ya jicho na sahani ndogo za chuma pande zote mbili ili ising'oe mbao.

Uzito. Mbao ya ukubwa huo inataka kuelea kwa karibu kilo 4. Ukiifunga risasi ya kilo 4, haitazama wala kuelea, itazubaa tu. Funga kilo 8, na ziwe kwenye ukingo mmoja, si katikati. Hii ndiyo siri yake: kamba ikilegea, ukingo mzito unatangulia na sahani inapiga mbizi ubavuubavu bila kupingwa. Kamba ikikaza, inalala bapa na kukataa. Ukikosa risasi tumia chuma. Saruji ndani ya maji inapoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, kwa hiyo itakulazimu ubebe tofali zima.

Kamba nne za urefu sawa kutoka kona nne, zikutane kwenye pete moja kama sentimita 70 juu ya sahani. Kutoka kwenye pete, kamba moja imara kwenda kwenye mti.

Mti. Kwenye boti ya faiba tumia ule mti wa kutanulia tanga la mbele, au mti mkuu wa tanga ukiusukuma nje ya ubavu. Kwenye mashua nimetumia mti wa mvinje wa mita 3, mnyoofu, mkavu. Usitundike mti kwa kamba moja. Unahitaji tatu: moja inatoka juu mlingotini, moja inavuta mbele, moja inavuta nyuma, na zote zikazwe mpaka ukiutikisa mti kwa mkono, chombo kinatikisika nao. Mti unaocheza utavunja kitu.

Uzito wa sahani ubebwe na kamba ya mlingotini, sio na mti. Kazi ya mti ni kusukuma nje tu. Kwa hiyo kamba ya sahani na kamba ya mlingotini zikutane palepale nchani.

Ishushe mpaka iwe mita 2 au 3 chini ya uso wa maji, katikati ya urefu wa chombo, pale kilipo kipana. Ikiwa juu sana itachomoza na kuanguka kwa kishindo. Kumbuka pia maji yatakapokupwa: sahani iliyogonga mwamba haitasema kitu mpaka asubuhi utakapoivuta vipande. Sahani mbili, moja kila upande, ni bora kuliko moja kubwa, kwa kuwa kila upande unapata zamu yake ya kukataliwa.

Ukisimama ukingoni utaiona kazi yake. Chombo kinaanza kulala upande wa pili, kamba inanyooka, matone yanaruka kutoka kwenye nyuzi zake, na mlingoti unasita katikati ya safari kama mtu aliyeitwa jina. Miyumbo mitatu minne baadaye, bembea imekosa nguvu. Sahani haizuii wimbi la kwanza. Inanyima miyumbo inayofuata nafasi ya kukua.

Huna sahani na usiku umeshaingia? Ndoo mbili za plastiki za lita 20, moja juu ya nyingine kwenye kamba moja, jiwe ndani ya ya chini. Usitegemee mpini wa ndoo, utang'oka kabla ya saa sita. Toboa matundu matatu chini kidogo ya ukingo na ufunge kamba tatu. Ni suluhisho la kimaskini, lakini limenivusha zaidi ya mara moja.

Mti uliotoka nje gizani ni mtego kwa wavuvi wanaopita na mitumbwi bila taa. Funga kitambaa cheupe na taa nchani kabisa, mbali na taa yako ya nanga.

Tanga dogo la galme

Chombo chenye mlingoti wa galme, ule mdogo wa nyuma, kina bahati: pandisha tanga lake, livute katikati kabisa, bapa bila tumbo. Omo itatulia kwenye upepo badala ya kwenda huku na huko, na tanga lenyewe linasukumana na hewa kila chombo kinapolala. Boti ya mlingoti mmoja inaweza kupandisha kitambaa cha mita za mraba 2 au 3 kwenye waya wa nyuma. Ila haya yote yanafaa ukiwapo upepo, na wimbi likiwa linatoka karibu na upepo huohuo. Kwa usiku wa umande na wimbi la nje, tanga hili litakupa kelele tu.

Uzito na ngama

Piga ngama, yaani toa maji ya chini ya chombo, kabla ya kulala. Maji yaliyo huru chini ya sakafu yanakimbilia upande ule ule chombo kilikoinamia, tena yanachelewa kidogo, yanafika wakati mbaya. Tangi la maji lililo nusu linafanya vivyo hivyo. Kama una matangi mawili, maliza moja kwanza badala ya kuyapunguza yote.

Kusogeza vitu vizito pembeni, au kutoa mti wa tanga nje ya ubavu, kunarefusha muda wa kuyumba. Ukikumbuka ile namba uliyoandika ukutani, wakati mwingine kuongeza nusu sekunde kunatosha kukitoa chombo kwenye mapigo ya wimbi. Wakati mwingine kunakiingiza. Jaribu, hesabu tena.

Kwenye majahazi na mashua kuna wanaotoa farumi, ule uzito wa chini wa kukisimamisha chombo, ili mrama uwe wa taratibu. Ni kweli, chombo chenye farumi nyingi kinarudi kwa ghafla na kinachosha. Lakini farumi ndiyo inayokirudisha. Usiiguse kwa ajili ya usingizi.

Ndani

Lala chini na katikati, si omo. Godoro sakafuni, mito pande mbili, ndiyo dawa ya kigegezi, kichefuchefu cha baharini, kuliko tangawizi. Vua henza kwenye mlingoti uifunge kwenye waya wa pembeni, maana nusu ya mateso ni kelele. Taulo kati ya sahani za chakula. Hilo la taulo mke wangu alinifundisha baada ya miaka mingi ya kugonganisha vyombo vyake.

Wakati wa kuviondoa vyote

Haya yote ni ya wimbi la kawaida. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali, toa sahani, toa nanga ya tezi, fungua kamba ya ubavuni, acha chombo kielekeze omo kwenye upepo kwa nanga kubwa na amari ndefu, au bora zaidi, ingia ndani kabisa ya bandari. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipotua Cabo Delgado, hapo tu ng'ambo ya Ruvuma, haikuwa siku ya kuzungumzia ubora wa usingizi.

Asubuhi, utaratibu wa kuondoka ni kinyume cha ulivyoweka: sahani kwanza, mti ndani, kamba ya ubavuni, na mwisho nanga. Mimi na kibarua wangu tuliwahi kuwasha injini sahani ikiwa bado majini, tukaanza safari tukishangaa mbona boti inavuta upande mmoja. Kufika mlangoni mti ulikuwa umepinda kama jembe la zamani. Haukunyooka tena. Upo nyuma ya nyumba, unaanikiwa nguo.